Siku Pua Iliponiangusha Mwiki

Kabla mmoja wenu hajaniuliza kwa nini nilinusa kitufe cha koti lake tulipokuwa tukisalimiana, wacha niseme mwenyewe. Mimi ni Nyokabi, naishi hapa Kamenu, na pua hii mnayoiona imenilisha zaidi ya miaka thelathini. Nilifunga kibanda changu cha Thika mwaka juzi kwa sababu ya magoti. Magoti yamestaafu, lakini pua bado haijapata habari.

Kazi yangu ilikuwa gramafoni. Kwa walio wadogo zaidi, hicho ni kinanda cha kale cha kuzungushwa kwa hendeli. Hakijui stima wala betri. Kina sahani inayozunguka, mkono unaobeba kichwa chenye sindano, na tarumbeta kubwa inayotoa sauti. Watu walikuwa wakiniletea kutoka darini na chini ya vitanda, zimefungwa kwa gunia na buibui ndani. Wengine walitaka ziimbe tena. Wengine walitaka tu kujua kama kitu walichoachiwa ni cha kweli ama ni hizi zinazotengenezwa siku hizi kuuzia watalii.

Sasa, kabla hujashika bisibisi, lazima ujue kila kipande kimetengenezwa na nini. Hiyo ndiyo kazi. Kukaza skrubu hata tumbili akifundishwa atakaza.

Nyinyi mnapiga picha kwa simu na simu inawaambia hiki ni hiki. Sikatai. Lakini simu haina pua. Kwa macho, ebonaiti, bakelaiti na plastiki ya juzi ni ndugu watatu waliovaa suti nyeusi moja. Huwezi kuwajua mpaka waongee. Kwa hivyo unasugua kwa kidole gumba, unasugua mpaka kidole kinaanza kuungua, halafu unanusa haraka kabla joto halijaisha. Ebonaiti ni mpira uliopikwa na salfa mpaka ukawa mgumu kama pembe ya ng'ombe, kwa hivyo inanuka njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi, ama yai ambalo kuku mwenyewe amelikana. Bakelaiti inanuka dawa ya kupangusa sakafu ya hospitali. Seluloidi inanuka kafuri, kama kifua cha mtoto aliyepakwa dawa ya kikohozi. Na plastiki ya juzi hainuki kitu, ama inanuka duka.

Aliyenifundisha haya ni Fundi Mutiso, mzee mpole aliyetoka ng'ambo ya mashariki ya Thika, na aliniajiri bila mimi kuomba kazi. Nilikuwa msichana, nimepeleka redio ya baba yangu kutengenezwa. Nikasimama mlangoni nikamwambia, bila adabu yoyote, kwamba hapa ndani kunanuka kama mtu amekufa na akapakwa kafuri. Akaacha kuchomelea. Akaniuliza harufu inatoka upande gani. Nikamwonyesha rafu ya juu kabisa, nyuma ya mikebe. Akapanda kwenye stuli, akashuka na sanduku la vipande vya seluloidi vilivyoanza kuoza. Kumbe alikuwa akilitafuta hilo sanduku kwa siku nyingi, maana seluloidi ikianza kuoza inaweza kushika moto kwa joto kidogo tu. Hakunishukuru. Aliniuliza tu kama Jumatatu nina shughuli.

Msidhani nilianza vizuri. Mwezi wa kwanza alinipa mkono wa gramafoni niusafishe. Ulikuwa wa kijivu na mzito, nami nikaona ni chuma tu chenye uchafu. Mama yangu alikuwa akisafisha kila kitu kwa ndimu na chumvi, basi na mimi nikaulaza ndani ya ndimu na chumvi, nikaenda kula githeri. Niliporudi, ndani ya karai kulikuwa kunachemka bila moto. Kile hakikuwa chuma. Kilikuwa mchanganyiko wa zinki, ule wa bei nafuu uliomwagwa kwenye kalibu, na zinki na ndimu hazipatani. Mkono ulitoka na vishimo kama sponji. Fundi Mutiso aliuangalia, akauweka juu ya meza, akaniambia kwamba sumaku ilikuwa kwenye droo ya pili, na kwamba sumaku haijawahi kumuuma mtu. Basi. Tangu siku hiyo, kabla ya kufanya chochote natoa sumaku. Ikishika, hicho ni chuma hata kama kimepakwa rangi ya dhahabu. Isiposhika, kwaruza kidogo mahali ambapo mwenyewe hataona. Ukiona njano ni brasi, ukiona kijivu kizito kilichopasuka nyufa kama udongo wa kiangazi ni zinki, na usiikaze, usiigonge, hata usiikoholee.

Halafu kuna siku nilisikia mahali kwamba sindano ya moto inatambua plastiki haraka kuliko pua. Nikaipasha sindano, nikaichoma ndani ya kipande fulani huku Fundi Mutiso ameinama aone. Kilikuwa seluloidi. Sitaki kueleza sana. Aliishi wiki sita na nyusi moja, na kila mteja aliyeuliza alimwambia amenyolewa na kinyozi mwanafunzi. Hakunitaja hata siku moja. Huyo ndiye mwalimu niliyempata, na alipofariki niliachiwa kibanda, sumaku na jina. Watu wakaanza kuniita Mama Pua. Mwanzoni nilikasirika, lakini baadaye nikaliandika kwenye ubao wa kibanda.

Na hapo ndipo shida ilipoanza, vijana, kwa sababu mtu akishapata jina anaanza kulilinda kuliko kazi yenyewe.

Kule Mwiki, upande wa Ruiru, kulikuwa na mzee anaitwa Guka Ndirangu. Alikuwa amemlea mjukuu wake Wangari tangu akiwa mdogo, kwa hivyo Wangari alipopata mchumba, mazungumzo ya ruracio, yaani ya mahari, yalifanyika kwake. Mchumba alikuwa Kimani, mjenzi wa nyumba, kijana wa maneno machache kutoka Kiandutu, naye amelelewa na cucu yake, yaani nyanya yake. Guka Ndirangu aliwaambia kwamba mambo ya mbuzi wataongea kama watu wengine wanavyoongea, lakini yeye ana ombi moja la pembeni. Alitaka gramafoni. Alikuwa na moja zamani, akaiuza Wangari alipokuwa mgonjwa, na hajawahi kuacha kuiwaza. Baadaye mfanyabiashara mmoja alimuuzia nyingine, yenye tarumbeta ya kung'aa kama jua, na ikaachana vipande msimu wa kwanza wa mvua, kichwa chake kikiwa plastiki tupu. Kwa hivyo alitaka ya kweli, na alitaka fundi aje kuithibitisha mbele ya watu. Alilisema hilo akicheka. Lakini mnajua mzee akiomba kitu akicheka siku ya ruracio, hicho kitu si utani tena.

Fundi aliyeitwa nilikuwa mimi.

Siku ile niliamka na mafua. Kichwa kilikuwa kama gunia la viazi, na puani hakukuwa kunapita hata upepo. Baba Ciku, mume wangu, aliniuliza kama si vizuri nipige simu niahirishe. Nikamwambia Mama Pua haahirishi. Hayo ndiyo maneno niliyoyasema nikiwa na kitambaa mkononi, nikipumua kwa mdomo kama samaki.

Nilipofika Mwiki uwanja ulikuwa umejaa. Watu wa Kimani walikuwa wameketi upande mmoja, mjomba wake akiwa msemaji, na karibu naye Cucu Wanjiru, mama mdogo wa mwili, mkoba umekaa magotini. Gramafoni ilikuwa yake. Ilikuwa chini ya kitanda chake tangu marehemu mumewe alipoileta nyumbani, na alikuwa ameitoa kwa hiari yake ili mjukuu wake apate mke. Mjomba alisimama akaapa mbele ya wazee kwamba kila kipande cha kile kitu ni cha asili, na kama kuna hata kimoja si cha asili, wao ni watu wa uongo.

Nilianza vizuri sana. Nikaweka sumaku kwenye tarumbeta, ikashika. Shangazi mmoja wa upande wa bibi harusi akanung'unika kwamba kumbe ni mabati tu. Nikamweleza, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, kwamba gramafoni nyingi za kweli zilikuwa na tarumbeta ya chuma iliyopakwa rangi, na kwamba zile za brasi nyembamba ya kung'aa ndizo za kuogopwa. Watu wa Kimani wakapiga vigelegele. Nikakagua mbao, nikakagua springi. Nikaangalia kile kiwambo kidogo kinachotetemeka kichwani na kutoa sauti, kikawa cha maika, lile jiwe linalopasuka kwa tabaka nyembamba kama kioo kinachopinda. Kila kitu kilikuwa sawa. Mabega yangu yalikuwa yamepanda kwa majivuno mpaka kwenye masikio.

Ikabaki ile pete nyeusi ya nyuma ya kichwa, ambayo inapaswa kuwa ebonaiti. Nikaanza kuisugua. Watu wakasogea karibu, maana hii ndiyo sehemu waliyokuwa wakiingojea. Nikasugua mpaka kidole kikawaka moto, nikanusa. Hakuna kitu. Nikasugua tena, nikanusa tena. Hakuna. Nikaangalia kidole changu, nikaona kimekuwa cheusi. Ebonaiti ya zamani huwa inabadilika, inakuwa ya hudhurungi kama chai ya rangi, lakini hii ilikuwa nyeusi ya kung'aa, na weusi wenyewe unatoka.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, "Wazee wangu, leo nina mafua." Ni maneno machache sana. Yangekaa kwenye ulimi wangu bila kubanana. Lakini macho yote yalikuwa kwenye pua yangu, na nikaona aibu ya kusema kwamba haifanyi kazi.

"Guka," nikasema, "hii ni plastiki. Na si ya zamani."

Mjomba wa Kimani aliketi polepole. Kimani alimtazama Wangari, Wangari akatazama chini. Kisha Cucu Wanjiru akasimama, mkoba mkononi, akanitazama mimi peke yangu.

"Hiyo kitu nimelala juu yake miaka arobaini," akasema. "Kama hiyo ni ya juzi, basi hata mimi ni wa juzi."

Wakachukua gramafoni yao wakaenda. Mukimo, vile viazi vilivyopondwa na mahindi, ulikuwa umepakuliwa na hakuna aliyeugusa. Guka Ndirangu alinishukuru kwa kumwokoa asidanganywe mara ya pili, akanipa paja la kuku. Nilikula nikaona halina chumvi wala ladha yoyote, nikamhurumia mpishi moyoni.

Siku ya tatu akina mama wa kanisa walikuja kunitembelea, watu saba. Nikachemsha chai ya maziwa, nikaimimina, nikaomba baraka, tukanywa. Niliona wanakunywa pole pole sana. Nilipomaliza kikombe cha kwanza nikajiongeza cha pili, nikawauliza mbona hawaongezi. Mwenyekiti wao, mama mwenye adabu kupita kiasi, akasema wameshiba. Ndipo Baba Ciku akaingia kutoka shambani, akasimama mlangoni, akafunika pua kwa kofia yake na kuniuliza hayo maziwa niliyatoa wapi. Yalikuwa yale ya Jumapili aliyoniambia nimwagie paka. Akina mama wa kanisa waliweka vikombe chini wote kwa pamoja, kama kwaya.

Baada ya wao kwenda, nilikaa kwenye kiti nikaanza kukumbuka. Maziwa yaliyoganda sikuyasikia. Kuku wa Mwiki hakuwa na ladha. Na nikakumbuka kile kidole cheusi. Baba Ciku aliniuliza swali moja tu, kama siku ile niliwaambia watu wa Mwiki kwamba nina mafua. Nikasema hapana. Hakunigombeza. Alichukua sufuria ya ile chai akaenda kuimwaga mbali sana na nyumba.

Hili shikeni, kama hamtashika lingine lolote. Kabla ya kupima kitu, jipime kwanza wewe. Siku hizi mfukoni nina kitana cha zamani cha ebonaiti ninachokijua. Nikikisugua na nisisikie salfa, siku hiyo simpimii mtu kitu, nawaambia wanaonijia nyumbani warudi wiki ijayo. Lakini wakati ule sikuwa na kitana, nilikuwa na jina tu.

Nikangoja pua ifunguke. Kila asubuhi nilinusa gambuti za Baba Ciku, vile viatu vyake vya mpira vya shambani. Siku ya kwanza sikusikia chochote. Siku ya pili nilisikia kwa mbali, kama habari za nchi nyingine. Siku ya tatu zilitaka kuniangusha chini, basi nikavaa rinda langu la kanisani nikaenda Kiandutu.

Cucu Wanjiru alikuwa ameketi nje ya chumba chake akichambua mchele. Kando yake tarumbeta ilikuwa imelazwa ubavu, na ndani yake kuku ameketi na vifaranga wake, ametulia kabisa. Cucu alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Sasa umekuja kuninusa mimi?" akauliza.

Nikamwomba msamaha nikiwa nimesimama. Hakuniambia niketi. Nikamweleza mafua, nikamweleza aibu, nikamweleza hata chai ya akina mama wa kanisa, na hapo nikaona mdomo wake umecheza kidogo. Akaendelea kuchambua mchele mpaka ukaisha. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkebe wa sukari alimoweka kile kichwa cha gramafoni. Kabla hajaufungua, pua yangu ilishajua. Rangi ya viatu.

Nikamuuliza kama alikipaka kile kichwa rangi ya viatu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anaoga. Bila shaka alikipaka. Nani anapeleka kitu kwa wakwe kikiwa kimechakaa? Alikuwa amekaa nacho jioni nzima, amekisugua mara mbili, pamoja na viatu vya Kimani.

Nikaomba kitambaa na mafuta kidogo ya kupikia. Rangi ikatoka, na chini yake ikatokea hudhurungi ileile ya chai ya rangi, nzuri sana, ya miaka mingi. Nikasugua kwa kidole. Ile harufu ya kiberiti ilipanda mpaka machozi yakanitoka, ingawa sidhani yalitolewa na salfa peke yake. Nikamwambia Cucu kwamba kitu chake ni cha kweli. Akaniambia yeye anajua hivyo, na kwamba wanaohitaji kuambiwa wako Mwiki.

Kimani aliporudi kutoka mjengo, ana simiti mpaka kwenye nywele, hakutaka kunisikiliza. Aliniambia Wangari ameacha kuongea na guka yake, na guka ameacha kula, na mjomba ameapa hatakanyaga Mwiki tena. Nikamwomba tuirudishe gramafoni Mwiki pamoja. Akakataa kwa upole. Alisema mimi ndiye niliyeitoa pale na maneno yangu, kwa hivyo mimi ndiye nitairudisha, tena kwa mikono yangu. Ilikuwa haki. Hata Cucu aliitikia kwa kichwa.

Jumamosi nilibeba gramafoni kutoka Kiandutu hadi kwenye matatu, na kutoka kwenye matatu hadi kwa Guka Ndirangu kule Mwiki. Sanduku peke yake lina uzito wa mtoto wa darasa la kwanza aliyekataa kwenda shule. Tarumbeta niliitundika begani ikiwa bado na manyoya ya kuku ndani. Cucu Wanjiru alitangulia mbele, hana mzigo wowote ila mkoba wake, akisalimia watu njiani na kuwaelezea, bila haraka, mimi ni nani na nimebeba nini na kwa nini. Kimani na mjomba wake walikuja nyuma. Hakuna aliyenisaidia, nami sikuomba.

Wangari alikuwa amemshawishi guka yake awaite wazee tena. Nikasimama mahali palepale niliposimama mara ya kwanza. Nikasema kwamba siku ile nilikuwa na mafua na sikusikia harufu yoyote, na badala ya kukiri nikasema uongo kwa sauti ya mtu anayejua. Nikasema weusi ulikuwa rangi ya viatu iliyopakwa kwa heshima, na nikamwita mwongo mama aliyewaheshimu.

Guka Ndirangu aliniuliza, na lilikuwa swali zuri kabisa, wao watajuaje kwamba leo sina mafua.

Nikamwambia wasiniamini. Kila mmoja asugue mwenyewe, anuse mwenyewe. Na ili wajue tofauti, nikaomba beseni la plastiki la jikoni, wasugue pia ukingo wake.

Basi wakapanga foleni, wazee kwa akina mama. Hata waliokuwa jikoni waliacha kazi wakaja. Wa kwanza alikuwa yule shangazi wa mabati. Alisugua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma na kumtazama vibaya mjomba wa Kimani aliyekuwa amesimama karibu naye. Mjomba akasema si yeye. Mzee wa pili akanusa, naye akamtazama mjomba. Mjomba akahamia upande mwingine wa uwanja kulinda jina lake, na wa tatu akasikia harufu ileile, na hapo wakaamini ni kile kichwa. Ukaanza ubishi. Wazee wakasema ni kiberiti, akina mama wakasema ni yai bovu, na mzee mmoja akasema ni soksi za mtu anayemjua lakini hatamtaja. Beseni likanuswa na kila mtu na likaonekana linanuka sabuni tu. Kufikia katikati ya foleni hakuna aliyekuwa na shaka tena, lakini hakuna aliyetaka kuacha zamu yake.

Wazee wakakaa pembeni dakika chache, wakarudi na hukumu. Nilipe mbuzi mmoja, apewe Cucu Wanjiru. Cucu akasema hana nafasi ya mbuzi Kiandutu, anachotaka ni mimi niseme mbele ya wote kwamba kitu chake ni cha zamani na yeye ni wa zamani. Nikasema, neno kwa neno, kwa sauti. Akaridhika, akaketi, akafungua mkoba na kuufunga. Kisha akasema, akifikiria tena, mbuzi pia atamchukua.

Alibaki Guka Ndirangu, wa mwisho kwenye foleni. Aliletewa kile kichwa alipokuwa ameketi. Akasugua muda mrefu, akanusa. Akasugua tena, akanusa tena, macho yamefumbwa.

"Sisikii kitu," akasema.

Mjomba wa Kimani alishika kofia yake tayari kuondoka. Lakini mzee alikuwa akimtazama Kimani, ambaye alikuwa amesimama tangu walipofika kwa sababu hakuna aliyemkaribisha kiti. Akamnyooshea kile kichwa.

"Wewe unasikia?"

Kimani akasugua, akanusa. "Nasikia, Guka. Kama kiberiti."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akasema ugoro ulimaliza pua yake miaka mingi iliyopita. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Wangari, kwa sababu mzee ana vitu vingi vya kupoteza na hapendi vihesabiwe. Chakula anakula kwa kukumbuka. Wangari alifunika mdomo kwa mkono. Guka akapapasa kiti kilichokuwa tupu kando yake.

"Keti hapa," akamwambia Kimani. "Utakuwa ukininusia. Anza na nyama ya kule nyuma, uniambie kama imeiva."

Kimani akaketi, akageuza uso upande wa jikoni, akavuta pumzi. Alikuwa kijana mwenye heshima na nilimwona akitafuta namna ya kulisema.

"Inaungua, Guka," akasema.

Na kweli ilikuwa inaungua, kwa sababu wapishi wote walikuwa kwenye foleni.